Chakula cha Mbwa na Afya ya Nyumba

(Maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa kwa watumishi wa umma na wakaazi wa Jiji la Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wananchi wote, wenye mbwa na wasio nao.)



Nazungumzia jambo ambalo kwa kawaida halipewi nafasi katika mikutano yetu. Jambo lenyewe ni chakula cha mbwa, na hasa namna ya kukiongezea chakula hicho vitu vizima vyenye lishe ambavyo tayari vimo mashambani na masokoni mwetu.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini tuzungumzie sufuria la mbwa ilhali sufuria la watoto bado lina matatizo yake. Jibu ni kwamba masufuria haya mawili yamo katika jiko moja. Mahindi ni yale yale, maji ni yale yale, na mbwa anayekula mlangoni ndiye anayelala uwanjani wanapocheza watoto. Kinachoingia katika sufuria la mbwa hurudi ndani ya nyumba kwa njia moja au nyingine. Ndiyo maana nasema mbele yenu kwamba chakula tunachokikataa kwa kuwa kinadhuru, tusikihamishie kwa mbwa; na chakula kizima kinachotufaa sisi, sehemu ndogo yake imfikie.

Hali ilivyo

Ndugu wananchi, mbwa ni mtumishi katika eneo letu. Hulinda mashamba ya kahawa na migomba kuanzia Tengeru hadi Usa River, hulinda maboma na mifugo Oldonyosambu na Ngarenanyuki, na hulinda nyumba za mjini, Njiro, Sakina na Moshono. Hata hivyo, mtumishi huyu aghalabu hulipwa ugali mtupu, tena wa pumba, uliotiwa mchuzi uliobaki. Mwenye bahati hupata vichwa vya dagaa. Asiye na bahati hufunguliwa usiku akajitafutie mwenyewe.

Inafaa ieleweke kwamba ugali si adui wa mbwa. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na mwili wake umezoea chakula cha binadamu. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwa mwitu wa Ulaya ambao ni ndugu zake, ana uwezo mkubwa wa kusaga wanga. Kwa hiyo nafaka inaweza kuwa msingi wa chakula chake. Tatizo ni pale msingi unapokuwa ndiyo nyumba nzima.

Wataalamu wa lishe ya wanyama wanakubaliana kwamba chakula cha mbwa mzima, kikishakaushwa, kinatakiwa kiwe na protini isiyopungua asilimia 18, na cha mbwa mtoto au jike anayenyonyesha kisipungue asilimia 22.5. Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9 tu. Kalsiamu, ambayo ni madini ya kujenga mifupa na meno, karibu haimo kabisa katika ugali, wakati fosforasi imo. Mbwa anahitaji madini hayo mawili kwa uwiano, yaani kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi na isizidi mara mbili yake.

Matokeo ya upungufu huo tunayaona kila siku bila kuyatambua. Watoto wa mbwa hupata matege. Majike huzaa watoto dhaifu wanaokufa mapema. Manyoya hukakamaa na kunyonyoka, na vidonda havifungi. Zaidi ya hayo, mbwa mwenye njaa hakai nyumbani. Huenda jalalani, huenda machinjioni, huingia katika mashamba ya jirani, na walio karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha huingia hifadhini kuwinda. Huko kote hukutana na mbwa wengine na wanyama wa porini, akachukua maradhi au akayapeleka. Tukumbuke kwamba mwaka 1994 maradhi ya mbwa yajulikanayo kama distempa yaliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Vyakula vya kuongeza

Sasa niingie katika kiini cha mazungumzo. Vyakula nitakavyovitaja havihitaji kununuliwa katika maduka ya vyakula vya wanyama. Vyote hupatikana katika soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, na katika masoko mengine ya mjini.

(a) Dagaa. Hiki ndicho chakula cha kwanza katika orodha yangu. Dagaa wakavu huliwa wakiwa wazima, pamoja na mifupa na vichwa, kwa hiyo humpa mbwa protini na kalsiamu kwa wakati mmoja. Zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Waoshwe kwanza ili kutoa mchanga na chumvi, kisha wachemshwe au wasagwe na kuchanganywa katika uji au ugali.

(b) Mayai. Yai moja kwa siku, au hata mawili au matatu kwa wiki, ni msaada mkubwa kwa mbwa wa wastani. Yapikwe. Ute mweupe wa yai bichi, ukitolewa kwa muda mrefu, huzuia mwili kupata vitamini ya aina ya biotini.

(c) Maharage, kunde na choroko. Vilowekwe usiku kucha na vichemshwe hadi vilainike kabisa, kwa kuwa maharage yasiyoiva vizuri yana sumu inayoumiza tumbo la mtu na la mbwa pia. Yasipikwe kwa magadi, na sababu yake nitaieleza nitakapofikia habari ya maji.

(d) Maboga, karoti, viazi vitamu na mboga za majani. Udongo wa Meru umetujaalia vitu hivi kwa wingi. Vichemshwe na kupondwa, na kiasi kiwe kidogo, kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa mlo. Boga hasa husaidia mbwa mwenye choo kigumu au chepesi.

(e) Nyama, mapafu, moyo na maini. Hivi ni vyakula bora, lakini vina masharti mawili yasiyo na msamaha: viwe vimekaguliwa na viwe vimechemshwa. Maini yatolewe kidogo tu, mara moja au mbili kwa wiki, kwa kuwa vitamini A iliyomo humo ikizidi huharibu mifupa.

(f) Mtindi. Mbwa wengi wazima wakinywa maziwa mabichi huharisha. Mtindi huwafaa zaidi. Nyumba inayopika loshoro inaweza kumpa mbwa mabaki yake, mradi hayajachacha kupita kiasi.

Kipimo

Maneno matupu hayamshibishi mbwa, kwa hiyo nitatoa mfano. Mbwa wa kawaida wa kwetu mwenye uzito wa kilo 15 anaweza kupewa kwa siku moja: unga safi wa mahindi gramu 150, dagaa wakavu gramu 50, yaani takriban konzi mbili, yai moja lililochemshwa, vijiko viwili vya boga au mchicha uliopondwa, na kijiko kimoja kidogo au viwili vya mafuta ya kupikia. Chumvi isitiwe. Chakula hicho kigawanywe mara mbili, asubuhi na jioni. Kwa mchanganyiko huu protini hupanda kutoka asilimia 8 au 9 hadi kupita asilimia 20.

Siku ambayo dagaa hawapo, konzi moja au mbili za mapafu yaliyochemshwa, au kikombe cha maharage pamoja na yai la pili, vishike nafasi yao. Lakini dagaa wasikosekane kwa wiki nzima, kwa kuwa vyakula hivyo vingine havina kalsiamu ya kutosha.

Mbwa mdogo apunguziwe na mkubwa aongezewe. Jike anayenyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili au tatu ya kiasi hiki, na watoto wa mbwa wapewe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku. Mabadiliko yafanywe polepole, kwa muda wa siku saba hadi kumi, ili tumbo lizoee. Wale wanaonunua chakula cha mifuko ambacho kimekwisha kamilishwa kiwandani, nyongeza yao isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chote, la sivyo wataharibu uwiano walioulipia.

Sumukuvu

Ndugu wananchi, naomba hapa mnisikilize kwa makini zaidi.

Ni desturi katika nyumba nyingi kwamba mahindi yakichambuliwa, mazima hupelekwa mashineni kwa ajili ya familia, na yale yaliyooza, yenye ukungu au yaliyobadilika rangi huwekwa kando kwa ajili ya kuku na mbwa. Mwenye nyumba huona ameokoa mali. Kwa hakika amemlisha mnyama wake sumu.

Ukungu unaoota katika mahindi yasiyokaushwa vizuri hutoa sumu ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa katika mahindi kwa nchi za Afrika Mashariki ni sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 iliingia katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Kati ya wilaya zilizokumbwa ilikuwamo Kiteto, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha. Kwa hiyo si jambo la mbali.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa upesi na sumu hii. Huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Ikiwa kiwanda chenye maabara kiliweza kupitiwa, sembuse ghala la nyumbani? Dalili zake ni mbwa kukataa chakula, kutapika, kulegea, macho na fizi kuwa za manjano, na choo chenye damu. Zikionekana, chakula hicho kisitishwe siku hiyo hiyo na Afisa Mifugo aarifiwe.

Aidha, mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumu hubaki katika pumba. Sisi hula sembe nyeupe, na mbwa hupewa pumba. Kwa maana hiyo mbwa anaweza kufa katika nyumba ambayo watu wake bado hawajaugua. Mwenye nyumba akiona hivyo asiseme tu kwamba mbwa amerogwa au ametegewa sumu. Alitazame ghala lake, kwa kuwa huenda mnyama yule ametangulia kumwonyesha kilichomo ndani ya magunia.

Mabaki ya machinjio

Jambo la pili la hatari ni mabaki ya machinjio. Yupo mnyoo mdogo wa aina ya tegu anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakaanguka majanini. Ng'ombe, mbuzi na kondoo huyala pamoja na majani, na ndani ya maini na mapafu yao huota vifuko vya maji. Mchinjaji anapokata vifuko hivyo na kumtupia mbwa, mzunguko huanza upya. Mtoto anayemshika mbwa huyo kisha akala bila kunawa mikono, huweza kumeza mayai yale yale, na kifuko kikaota katika ini au pafu lake. Hukua taratibu kwa miaka mingi bila maumivu, na mara nyingi tiba yake ni kupasuliwa.

Maradhi haya yamo kwetu. Uchunguzi wa kumbukumbu za machinjio ya Arusha za mwaka 2005 hadi 2007 ulionyesha vifuko hivyo katika takriban asilimia 4 ya ng'ombe na asilimia 6 ya mbuzi na kondoo waliochinjwa. Jirani zetu wa Turkana, nchini Kenya, wamehesabiwa kwa muda mrefu miongoni mwa watu walioathirika zaidi duniani.

Kinga yake ni rahisi. Kiungo chenye vifuko kisipewe mbwa kabisa, bali kizikwe kwa kina au kichomwe. Maini na mapafu mengine yachemshwe kwa muda usiopungua nusu saa. Mbwa apewe dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli kwa ratiba itakayotolewa na mtaalamu. Machinjio yazungushiwe uzio ili mbwa wasiingie, na anayechinja nyumbani wakati wa sikukuu au sherehe asiwaachie mbwa wajihudumie.

Maji

Sote tunajua kwamba mto na mji wa Maji ya Chai ulipewa jina lake kwa sababu ya rangi ya maji. Katika sehemu nyingi za miteremko ya Meru maji yana madini ya floraidi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi. Floraidi hujikusanya katika meno na mifupa ya mnyama kama inavyojikusanya kwa mtu. Magadi ya sehemu zetu nayo huwa na floraidi, ndiyo sababu nimesema yasitiwe katika maharage, yawe ya mbwa au ya watu. Nyumba inayokinga maji ya mvua au kuchota katika bomba lililopimwa, impe na mbwa maji hayo hayo.

Vitu vya kuepuka

Kadhalika, vipo vitu vinavyotufaa sisi lakini humdhuru mbwa. Vitunguu, vya maji na vya thomu, huharibu damu yake, kwa hiyo mabaki ya mchuzi wenye vitunguu vingi asipewe. Kahawa, majani ya chai, chokoleti, zabibu na makadamia ni sumu kwake. Machicha ya mbege na pombe nyingine asiwekewe. Kokwa la parachichi linaweza kumkaba au kuziba utumbo.

Mifupa iliyopikwa au kuchomwa, hasa ya kuku, hupasuka na kuwa kama misumari. Mji wetu unasifika kwa nyama choma, na baada ya kila mwisho wa wiki mabaki yake hutupwa kwa mbwa kwa nia njema. Nia hiyo njema huweza kutoboa utumbo. Mabaki ya nyama yasiyo na mfupa yatolewe, na mifupa izikwe.

Wajibu wetu

Ndugu watumishi wa umma, Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula na maji. Utekelezaji wake hauwezi kuachiwa Afisa Mifugo peke yake. Mtendaji wa Kijiji na Mwenyekiti wa Mtaa waliweke suala hili katika ajenda za mikutano yao. Mkaguzi wa nyama ahakikishe viungo vilivyokataliwa vinaharibiwa mbele yake. Mwalimu awafundishe wanafunzi kunawa mikono baada ya kushika mbwa. Kwa upande wa utaalamu, tunao Chuo cha Mifugo Tengeru na Kituo cha Arusha cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambako ushauri unaweza kupatikana.

Nasisitiza pia kwamba lishe haichukui nafasi ya chanjo. Mbwa aliyeshiba vizuri akiumwa na mwenye kichaa naye atapata kichaa. Chanjo ya kila mwaka ni ya lazima, na mtu yeyote aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Hitimisho

Ndugu wananchi, sikuja kuwataka mumlishe mbwa kabla ya mtoto, wala kumnunulia vyakula vya anasa. Nimewaomba mambo matatu: unga wa mbwa uwe safi kama wetu, konzi mbili za dagaa, yai na kipande cha boga viongezwe katika ugali wake, na kiungo kibichi cha machinjio kisimfikie kamwe. Atakayeyatekeleza haya atapata mlinzi mwenye nguvu anayekaa nyumbani, na hapo hapo atakuwa amelichunguza ghala lake, maji yake na uwanja wanaochezea watoto wake.

Maafisa Mifugo wa Kata wako tayari kupokea maswali siku zote za kazi.